Old Moshi: ngome iliyochimbwa na mito

Ukitaka kujua mtu anamwogopa nani, usimwulize, maana hatakwambia. Tazama ukuta wa nyumba yake. Aliyepanda vipande vya chupa juu ya ukuta anamwogopa kijana anayepita usiku. Aliyeweka nondo hadi madirisha ya ghorofa ya pili amekwisha kuibiwa mara moja. Na yule mwenye geti la chuma refu kuliko nyumba yenyewe, huyo mara nyingi haogopi wezi, anaogopa ndugu zake wa kijijini.

Ngome nazo ndivyo zilivyo, tofauti ni kwamba ngome huogopa kwa niaba ya ufalme mzima. Nimekuwa na ugonjwa huu wa kutazama ramani za ngome za zamani kwa muda mrefu, hasa zile zenye umbo la nyota, zilizojengwa kando ya mito na bahari. Siku moja mwenzangu mmoja chumba cha habari alichungulia begani kwangu, akaiona nyota moja nzuri ya mawe imezungukwa na maji, akacheka: "Wenzetu walikuwa wanajenga haya mambo. Nyinyi huko Old Moshi mlikuwa na nini, migomba?"

Nilicheka pamoja naye, lakini swali lilinikaa kooni. Kwa hiyo leo, msomaji wangu, naomba uvumilivu wako kidogo. Nataka kulijibu swali la jamaa yangu, na jibu linaanzia mbali na Kilimanjaro.

Kwanza hiyo nyota yenyewe. Kwa nini mtu mwenye akili timamu ajenge ngome yenye pembe nyingi hivyo, badala ya mraba wa kawaida ambao fundi yeyote anaweza kuupima kwa kamba? Sababu ni mzinga. Zamani ukuta mrefu ulitosha. Adui alikuja na ngazi na mishale, wewe ukamwagia mawe kutoka juu. Halafu baruti ikakomaa. Mwaka 1453 mizinga ya Waturuki ilivunja kuta za Konstantinopoli, na mwaka 1494 mfalme Charles wa 8 wa Ufaransa akaingia Italia na mizinga ya kukokotwa na farasi, akawa anabomoa ngome baada ya ngome. Ukuta mrefu ukawa tatizo, maana kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoonekana kwa mbali, na ukipigwa unaanguka wote.

Waitalia wakakaa chini wakafikiri. Jibu lao lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, fanya ukuta kuwa mfupi na mnene, nyuma yake ujaze udongo, ili tufe la mzinga lizame humo kama ngumi kwenye gunia la unga. Ya pili ni ya hesabu zaidi, na ndiyo iliyoleta nyota. Ukisimama juu ya mnara wa mviringo au wa mraba, kuna mahali chini kabisa, miguuni mwa mnara, ambapo huwezi kumwona mtu bila kujitokeza na kupigwa risasi. Adui akifika hapo amepona, anaweza kuchimba ukuta wako akiwa anapiga miluzi. Basi badala ya mnara wa mviringo wakatoa buruji zenye ncha, kama kichwa cha mshale, katika kila kona. Sasa askari aliye kwenye buruji hii haangalii mbele yake, anaangalia ubavuni mwa buruji ya jirani, na wa jirani anamlinda yeye. Kila upande wa ukuta una jicho la mtu mwingine. Ukiichora karatasini, unapata nyota.

Mto au bahari iliongeza raha. Maji yalijaza handaki bure, yalileta mashua zenye chakula na baruti, na yaliondoa haja ya kujenga pande zote kwa nguvu sawa. Ndiyo maana ngome nyingi za namna hii zimekaa kando ya maji.

Sasa tazama mwaka 1593. Mwaka huo Waveneti walianzisha Palmanova, mji mzima wenye ncha 9. Mwaka huohuo Waholanzi walimaliza Bourtange, nyota ya ncha 5 katikati ya kinamasi. Na mwaka huohuo, huku kwetu, Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, ukingoni mwa mkono wa bahari unaopita mbele ya Mji wa Kale kuelekea Tudor. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, aliyekuwa mchoraji mkuu wa ngome za Wareno upande huu wa dunia. Kwa maneno mengine, Mombasa haikuletewa fasheni iliyochuja. Ilipata ileile iliyokuwa inajengwa Ulaya wakati uleule.

Fort Jesus si nyota kamili. Ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa baharini. Ina buruji kubwa 4: mbili, São Filipe na São Alberto, zinatazama nchi kavu, na mbili, São Mateus na São Matias, ziko upande wa maji. Zile mbili za nchi kavu ndizo zenye pembe zilizoingia ndani kabisa, kiasi kwamba askari wa upande mmoja anaweza kumpiga risasi mtu anayepanda upande wa pili. Handaki kavu limechongwa kwenye mwamba wa matumbawe upande uleule. Angalia hapo, ndugu msomaji. Mreno alikuja kwa bahari, adui zake wakubwa wa baharini walikuwa Waturuki na baadaye Waomani, lakini handaki na zile pembe kali kazielekeza kwa wenyeji. Alijua vizuri amejenga kwenye kiwanja cha nani.

Je, pembe zilimsaidia? Zilimsaidia dhidi ya mizinga, na si kingine. Tarehe 16 Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliingia ngomeni kama mgeni wa heshima, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Hakuna buruji iliyochorwa kwa ajili ya mgeni anayeingia mlangoni. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira kwa miezi 33, na kilichowamaliza waliomo ndani kilikuwa maradhi na njaa. Desemba 1698 Waomani walipopanda ukuta, hapakuwa na watu wa kutosha wa kusimama juu yake. Mwaka 1728 askari wa ndani waliasi, Wareno wakarudi, na mwaka uliofuata wenyeji wa Mombasa wakawafukuza tena. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mzinga ulibomoa ukuta katika habari hiyo.

Basi, kutoka Mombasa twende bara. Njia ya misafara ilipita nchi kavu ya Taita, ikafika Taveta, na kutoka Taveta unaanza kupanda mlima. Mmisionari Rebmann aliifuata njia hiyo mwaka 1848 akitokea Rabai, akaandika kwamba ameona theluji, wasomi wa London wakamcheka. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanaijua zamani, maana mlimani palikuwa na pembe, watumwa na chakula, na pwani palikuwa na nguo, shanga na bunduki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mtu aliyeishika biashara hiyo kuliko wote alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Moshi ya wakati huo ndiyo tunayoiita leo Old Moshi. Huu mji wa chini wenye stendi, kiwanda cha kahawa na mzunguko wa mnara haukuwepo.

Na hapa ndipo ninapomjibu jamaa yangu wa migomba.

Chukua gari za kupanda Kidia kutoka mjini, ukae dirishani. Utaona barabara inapanda juu ya mgongo mmoja mrefu wa ardhi, na kila ukitazama kulia au kushoto, baada ya vihamba vichache, ardhi inakatika ghafla. Kuna korongo. Chini kabisa kuna mto unaotoka msituni, umelikata bonde hilo kwa maelfu ya miaka. Ng'ambo kuna mgongo mwingine, na watu wengine. Mashariki utafika Kirua Vunjo, magharibi Mbokomu, kisha Uru. Unaweza kumwona mtu wa ng'ambo anafua nguo, ukamsalimia kwa sauti, lakini kumfikia ni kushuka nusu saa na kupanda nusu saa, na kama mvua imenyesha, usijaribu na viatu vya ofisini.

Ukiichora ramani ya mlima upande wa kusini unapata kitu kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na kila kidole, au vidole viwili vitatu, vilikuwa nchi yenye mangi wake. Korongo ndilo handaki. Mto umo ndani, haukauki. Juu kuna msitu mnene na baridi, hakuna jeshi linalotokea huko. Kilichobaki ni chini, upande wa tambarare, ambako Wamasai walikuja kutafuta ng'ombe. Huko Wachagga walichimba mahandaki ya kukata mgongo, wakapanda ua wa miti, wakaacha vijia vyembamba vyenye milango ya magogo ambayo mtu hupita akiwa ameinama.

Halafu ndani. Migomba ambayo jamaa yangu aliicheka ilikuwa sehemu ya ngome. Mtu mgeni akiingia kwenye vihamba haoni mbele zaidi ya hatua chache. Hakuna mtaa wala uwanja wa kupanga askari mistari. Kila nyumba iko katikati ya migomba yake, imezungukwa na masale, njia zinapinda bila mpango unaoonekana, na mifereji ya maji, ile mifongo iliyotolewa mtoni mbali juu na kutembezwa kwenye ubavu wa korongo, inakukata miguu kila baada ya muda. Mwenyeji anajua pa kurukia.

Chini ya nyumba nako kulikuwa na kazi. Sehemu nyingi za mlima, na Mamba na Marangu leo watalii huonyeshwa, Wachagga walichimba mapango ya kujificha. Mlango uko ndani ya nyumba au umefichwa, mwembamba, unaingia kwa kutambaa, kichwa kwanza. Aliyeko ndani anakungoja na rungu, na hana haraka. Ndani kuna vyumba vya watu na mahali pa ng'ombe, kuna matundu ya hewa, na njia ya kutokea upande wa korongo. Mzee mmoja aliniambia walivyoficha udongo. Nilimsalimia, "Shikamoo, meku," akaitika, akanikazia macho kuona kama kweli nataka kujua au nataka picha. Kisha akasema: "Udongo ulitupwa mtoni usiku, mjukuu wangu. Asubuhi mto ulikuwa umeshaupeleka Kahe. Adui akipita hakuna lundo la udongo, atajuaje kuna shimo?" Hapo mto umefanya kazi ambayo hata Cairati hakuipangia bahari yake.

Mlimani mawe nayo yalijengwa, tusidanganyane. Huko Keni, Rombo, Mangi Horombo alijenga ngome za mawe mapema katika karne ya 19, kabla Mzungu yeyote hajaufikia mlima. Ndiye huyohuyo ambaye wapanda mlima leo wanalala katika kituo chenye jina lake bila kumjua. Na Mangi Sina wa Kibosho, hasimu mkubwa wa Rindi, alijizungushia ukuta wa mawe uliowashangaza Wajerumani. Lakini Old Moshi haikuhitaji sana mawe. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika kwa Rindi, akapewa mgongo mmoja uitwao Kitimbiriu ajenge kambi. Alifurahi sana alivyoona makorongo yamemzunguka. Kisha akakorofishana na mwenyeji wake, watu wakaacha kumletea chakula, na lile handaki la Mungu likawa geti lililofungwa kwa nje. Baadaye alihamia Taveta.

Sasa tunafika mahali penyewe. Ngome ya makorongo imechorwa dhidi ya nani? Dhidi ya jirani. Kila korongo la Kilimanjaro linamtazama Mchagga mwingine, na upande wa chini Mmasai. Haikuchorwa dhidi ya mtu anayekuja na jirani yako mkononi.

Rindi aliwatumia Wajerumani kama alivyokuwa amewatumia watu wa pwani, Waingereza na kila aliyepita: wamsaidie dhidi ya Sina. Alitia sahihi mkataba na Wajerumani mwaka 1885, akatuma wajumbe wake hadi Berlin. Sina naye alikuwa amepandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Februari 1891 Hermann von Wissmann alipanda Kibosho na mizinga, huku wapiganaji wa Moshi wakiwa upande wake, na ukuta wa mawe wa Sina ukavunjwa. Moshi ikashangilia. Rindi akafa mwaka huohuo, na mwanawe Meli, kijana bado, akakalia kiti.

Wajerumani nao wakakihamishia kituo chao Marangu, kwa Mangi Marealle, chini ya Carl Peters. Huyo Peters aliwanyonga mtumishi wake na msichana mmoja wa Kichagga, na aibu yake ikafika hadi bungeni Ujerumani. Marealle alikuwa hodari wa siasa kuliko mangi yeyote wa wakati wake. Nasema hivyo bila kejeli. Aliuona upepo, akageuza tanga.

Juni 1892 Luteni von Bülow aliondoka Marangu kwenda kumwadhibu Meli. Alikuwa na askari wenye bunduki nzuri na nidhamu ya Kijerumani. Njia ya kutoka Marangu kuja Moshi inakata mabonde moja baada ya jingine, na ukimaliza mabonde unaingia migombani. Humo ndimo Meli alimsubiri, na watu wake wakiwa na bunduki zilizopanda na misafara. Von Bülow na msaidizi wake Wolfrum waliuawa, jeshi likarudi mbio, na kwa muda Wajerumani wakauacha mlima wote. Fikiria hilo. Nchi ndogo ya mgongo mmoja, isiyo na buruji hata moja, iliwafukuza watu walioligawa bara zima mezani kwao. Hasira zao ziliwaangukia wamisionari wa Kiingereza wa CMS waliokuwa Moshi, wakatuhumiwa kumchochea Meli, wakalazimika kuhamia Taveta.

Gavana von Schele alikuja mwenyewe Agosti 1893. Hakurudia kosa. Alikuja na makampuni ya askari na mizinga, na alikuja na watu wa mlima, wapiganaji wa mamangi waliokuwa na visa vyao na Moshi. Hao walijua vivuko. Hao ndio waliokuwa wamekaa ng'ambo ya korongo vizazi na vizazi wakitazama ni wapi mtu wa Old Moshi hushuka kuchota maji. Tarehe 12 Agosti Meli alishindwa. Wasimulizi wengine huipa mizinga sifa yote, lakini mimi siamini kwamba mizinga pekee ingetosha kati ya makorongo yale. Mzinga hauwezi kukuonyesha kivuko.

Baada ya hapo Wajerumani walirudisha kituo Moshi, na masharti aliyopewa Meli yalikuwa pamoja na kutoa watu wa kujenga boma. Hivyo Old Moshi ikapata ngome ya aina ya tatu.

Boma la Kijerumani ni kitu kingine kabisa. Nimeyatazama kadhaa nchini, na michoro yake mingi ina tabia moja: mstatili wa kuta za mawe, majengo yameegemea ukuta kwa ndani, uwanja katikati, na minara au buruji mbili kwenye kona mbili zinazotazamana kimshazari. Mbili zinatosha, maana kila moja inaona kuta mbili. Ni nyota ya mtu bahili. Hawakuhitaji ncha 9 wala udongo nyuma ya ukuta, kwa sababu hawakutegemea kupigwa na mzinga. Waliowaogopa walikuwa na mikuki na bunduki za zamani. Na matundu ya bunduki yalitazama wapi? Vijijini. Kwa mara ya kwanza Old Moshi ilikuwa na ngome ambayo adui wake ni Old Moshi yenyewe.

Bwana wa boma hilo alikuwa Kurt Johannes. Kutoka hapo alitawala mlima na kwenda kupiga Meru na Arusha, akiwa na wapiganaji wa Kichagga pembeni, hasa baada ya wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, kuuawa Meru mwaka 1896. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho ya viumbe na watalii hupiga picha pale bustanini, ni kazi ya miaka hiyohiyo, na waliobeba mawe na chokaa ni Waarusha na Wameru walioshindwa, kwa kulazimishwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 ulienea uvumi kwamba mamangi wanapanga njama ya kuwaua Wajerumani. Wengi mlimani wanaamini hadi leo kwamba uvumi huo ulipandwa Marangu. Sitaamua kesi hiyo hapa, maana wajukuu wa pande zote mbili tumesoma darasa moja na tumeoana. Lililo wazi ni hukumu. Tarehe 2 Machi 1900, Tsudunyi, Old Moshi, Johannes aliwanyonga watu 19 wa Uchagga, Meru na Arusha: Mangi Meli, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha, na wengine ambao majina yao hayasemwi mara nyingi. Mtoto wa Rindi na mtoto wa Sina, mahasimu wa 1891, siku moja na hukumu moja.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika chini tambarare, na serikali ikashuka kuifuata. Mji mpya ukachukua jina, na Moshi ya zamani ikabandikwa neno la Kiingereza mbele. Boma la mlimani likakosa kazi. Makorongo hayakuhama. Wao wenyewe wakaanza kugeuka: vivuko vikapata madaraja, na mpaka uliokuwa wa vita ukawa wa kata.

Lakini kesi ya Meli haijafungwa. Familia yake imesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi, akaandika barua, akatoa vinasaba vyake vipimwe. Huko Berlin taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Ilibainika kwamba 904 yalitoka eneo la Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya. Yalikuwa yamekusanywa ili kupimwa pua na taya na kuthibitisha upuuzi uliokuwa unaitwa sayansi. Septemba 2023 taasisi hiyo ilitangaza kuwa mafuvu matatu yamepata ndugu walio hai huku kwetu. Moja ni la Akida, aliyekuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo.

Pale Tsudunyi mti unaonyeshwa bado, na kuna sanamu ya Mangi Meli. Nilipokwenda, niliyemkuta pale hakutaka kuzungumza juu ya sanamu. Alinichukua hadi ukingoni, akanyoosha fimbo chini bondeni, akanionyesha mahali ambapo mto unapanuka na mawe yanakaa karibu karibu. "Hapa," akasema, "ndipo watu walipovukia." Nikamwuliza watu gani, wa kwetu au wa Schele. Akasema wote, kivuko ni kimoja.

Mahali hapo pana jina la Kichagga, na sijaliona kwenye ramani yoyote, ya Kijerumani, ya Kiingereza wala yetu. Nimeanza kuyaandika majina haya kwenye daftari, na hadi leo ninayo manne. Kama una babu au bibi Old Moshi, Kirua, Mbokomu au Uru, ukipanda Krismasi hii muulize kivuko kilichokuwa karibu na kihamba chenu kiliitwaje, na zamu ya kukilinda usiku ilikuwa ya ukoo gani.